Waiti spiriti ya duka la rangi kwa reli na magurudumu ya treni za mfano

Kwa sisi tunaoendesha treni ndogo za mfano hapa Mombasa, ambako upepo wa bahari huingiza chumvi na unyevu hadi vyumba vya ndani, kisafishio bora kuliko vyote nilivyotumia kinauzwa katika maduka ya rangi: ni waiti spiriti, ile ile ambayo mafundi huoshea brashi baada ya kupaka rangi ya mafuta.

Treni hizi hupokea umeme kupitia reli, kwa kawaida volti 12 hivi, na mahali gurudumu linapogusana na reli ni padogo mno. Vumbi na mafuta yakiingia hapo, cheche ndogo hurukaruka na kuacha masizi meusi, kisha taa zikaanza kupepesa na injini ikasita, hasa kwenye maungio ambako reli hugawanyika. Spiriti ya duka la dawa huondoa masizi hayo na kukauka upesi, lakini kwangu weusi hurudi mapema. Tena aina nyingine huwa na mafuta ya mbarika, ambayo hubaki juu ya reli. Raba ya kusugulia sipendi kuitumia isipokuwa pale ambapo gundi au rangi imegandia, kwa sababu huchora mikwaruzo myembamba ambayo baadaye huwa maficho ya uchafu. Reli nyingi za siku hizi ni za aloi ya shaba, zinki na nikeli, na hazihitaji nguvu kiasi hicho.

Waiti spiriti hulainisha utando huo bila kukwaruza. Nalowesha kidogo kipande cha leso kuukuu ya pamba, nakipitisha juu ya reli, kisha narudia kwa kipande kikavu hadi kitoke cheupe.

Kazi kubwa zaidi iko kwenye magurudumu, na hapo ndipo wengi hukosea, kwani reli safi huchafuliwa tena kwa mzunguko mmoja tu wa mabehewa machafu. Kitambaa chenye unyevu wa waiti spiriti hutandazwa juu ya reli, magurudumu ya mwisho mmoja wa injini, wa mbele au wa nyuma, yakawekwa juu yake huku ya mwisho wa pili yakibaki kwenye reli tupu yapokee umeme. Ukiishika injini kwa mkono na kufungua umeme taratibu, magurudumu huzunguka papo hapo na kuchora mistari miwili myeusi kitambaani. Kisha injini hugeuzwa. Magurudumu yenye mipira yasiguswe na kimiminika hiki, maana mpira huvimba na kulegea. Mabehewa yenye magurudumu ya plastiki hushika uchafu na kuusambaza, na ningeshauri yabadilishwe kwa ya chuma.

Kasoro zake ni harufu kali na hatari ya moto: madirisha yafunguliwe, na umeme usiwashwe reli nzima kabla haijakauka, na wakati wa kusafisha magurudumu kitambaa kiwe na unyevu tu, kisichuruzike. Dukani pia taja jina lake waziwazi na usome kibandiko, kwa sababu muuzaji anaweza kukupa thina, na thina huyeyusha plastiki ya mataruma na ya mabehewa.