OpenStack upande wa usalama: uzoefu wangu wa kuisimamia

Nimeisimamia OpenStack, programu ya kujengea wingu (huduma ya kompyuta na hifadhi kupitia mtandao), kwa miaka kadhaa, ikibeba mashine pepe, yaani kompyuta zinazoigizwa na programu ndani ya seva, za idara ambazo hazitakiwi kuoneana data. Anayeniuliza kama ni salama kujengea wingu lake namjibu ndiyo, kwa sharti moja: awepo mtu ambaye kazi yake hasa ni kusoma matangazo ya usalama na kuweka viraka (masahihisho ya programu) mapema. Asipokuwepo mtu huyo, afadhali mkodi huduma kwa wengine.

Programu hii huria, iliyoanzishwa mwaka 2010 na NASA pamoja na Rackspace, kwa kweli ni kundi la huduma. Nova inaendesha mashine pepe, Cinder inatoa diski, Glance inatunza taswira za diski (faili zenye nakala ya diski nzima, ambazo mashine pepe huanzishwa nazo), Keystone inatambua watumiaji. Kosa mara nyingi hujificha pale huduma mbili zinapokabidhiana kazi.

Taswira za diski ndizo zilizonipa wasiwasi kuliko kitu kingine chochote. Faili ya taswira ya aina ya QCOW2 inaruhusiwa kutaja faili nyingine kuwa ndiyo yenye data yake. Sasa mtumiaji mwenye akaunti ya kawaida anaandaa taswira inayotaja faili iliyomo ndani ya seva yako, kisha anaipakia. Huduma inapoifungua au kuibadilisha inatumia mamlaka yake yenyewe, wala si ya mtumiaji. Yaliyomo kwenye faili ile, tuseme faili ya usanidi yenye nywila ya hifadhidata, yanaishia mikononi mwa aliyepakia. Huo ndio udhaifu wa CVE-2024-32498 (CVE ni namba ya kimataifa ya kutambulisha udhaifu), uliotangazwa Julai 2024, uliogusa Nova na Cinder, na Glance pale ubadilishaji wa taswira ulipowashwa. Kabla mwezi haujaisha likaja tangazo la pili, CVE-2024-40767: kwenye Nova kiraka cha kwanza hakikuziba kila kitu, kwani taswira iliweza kujitambulisha kuwa ya aina ya raw (data tupu isiyo na muundo maalumu) huku ndani ni QCOW2.

Kinachoniudhi ni kwamba jambo hili halikuwa geni. Januari 2023 ujanja wa namna hiyo hiyo ulitangazwa kwa faili za VMDK, aina nyingine ya taswira, na tangu mwaka 2015 Cinder ilishapata tangazo lake kuhusu QCOW2. Ndiyo maana nilifurahi watengenezaji wa OpenStack walipoandika kikaguzi chao chenyewe kinachosoma muundo halisi wa faili badala ya kuamini lebo iliyoletwa na mtumiaji. Sisi tuliongeza hatua zetu: tukapunguza aina za taswira zinazokubaliwa na Glance, na ruhusa ya kupakia tukaibakiza kwa watu wachache. Watumiaji walinung'unika, lakini sikuirudisha.

Jingine ni CVE-2023-2088, ambapo diski ya mtu mmoja iliweza kuonekana kwa mwingine baada ya muunganisho wake na mashine pepe kufutwa. Hapo kuweka kiraka peke yake hakukutosha. Ilibidi kusanidi Nova itume tokeni ya huduma (uthibitisho kwamba ombi linatoka kwa huduma yenyewe) inapozungumza na Cinder, kazi iliyohitaji utulivu na majaribio kwenye mazingira ya pembeni kwanza. Anayesasisha vifurushi bila kusoma tangazo lenyewe angebaki anadhani amemaliza.

Kwenye uwazi nawapa watengenezaji hao alama za juu kabisa. Timu yao ya kushughulikia udhaifu hupokea taarifa kwa siri, huandaa viraka kwa matoleo yanayohudumiwa, na huwajulisha wasambazaji siku chache kabla ya umma. Tangazo, lenye namba inayoanza na OSSA, hutaja matoleo yaliyoathirika na jina la aliyegundua. Nimetumia bidhaa za kulipia ambazo kosa zito lilifichwa ndani ya mstari mmoja wa maelezo ya toleo jipya.

Kinachochosha ni mwendo wa matoleo, moja kila miezi sita, na ukikaa sana kwenye la zamani viraka vinakoma kukufikia. Nafuu ilikuja na toleo la Antelope mwaka 2023: yapo matoleo yaitwayo SLURP, yanayokuwezesha kupandisha mara moja kwa mwaka na kuruka lile la katikati. Sisi tunafuata hayo, na wiki ya kupandisha imo kwenye bajeti ya idara sawa na gharama ya umeme.