Make au Ninja, ushike ipi?

Make na Ninja ni zana za kujenga programu kutoka kwenye kodi. Make ni mkongwe, Stuart Feldman aliiandika pale maabara ya Bell Labs mwaka 1976 na mpaka leo watu wanaitumia kila siku. Inachofanya ni kuangalia faili lilibadilishwa lini, main.c (kodi uliyoandika) ikiwa mpya kuliko main.o (iliyotokana nayo) basi inakompaili hiyo tu, yaani inaigeuza kuwa lugha ya mashine, zingine inaziacha. Ninja ya Evan Martin, iliyozaliwa kwenye kazi ya Chrome, inafata njia hiyohiyo ila kila kitu kimepunguzwa ili ipate spidi, na faili lake la maelekezo kwa kawaida huliandiki mwenyewe, zana nyingine kama CMake au Meson ndo inakutengenezea.

Kilichonichosha kwenye Make ni Tab jamani. Kwenye Makefile, yaani faili la maelekezo ya Make, mstari wa amri lazima uanze na Tab, ukiweka spesi nane ambazo kwa macho ni kitu kilekile inakutolea "missing separator" na kugoma, nishakaa nusu saa nzima nakodolea mstari mmoja tu. Halafu ukibadilisha flagi ya kompaila toka -O0 (bila kuboresha kodi) kwenda -O2 (iboreshe ikimbie) kwenye Makefile bila kugusa kodi, Make inakwambia hakuna cha kufanya! Ninja inakumbuka amri ya mara ya mwisho, ikiona imebadilika inakompaili upya yenyewe. Na kazi nyingi kwa mpigo inafanya bila kuambiwa, Make mpaka uiandikie -j.

Ila kwa projekti ya faili tano sita, bado naandika Makefile kwa mkono, mistari kumi inatosha kabisa. Zikifika maelfu, hapo ni Ninja, sina mjadala.