TAHADHARI: Nyumba inayouzwa haraka Goba, sechi safi, muuzaji feki

Wakuu, naandika haya nikiwa na hasira, mnisamehe.

Mimi na mke wangu tumetafuta nyumba Dar mwaka mzima, kwa akiba na mkopo wa SACCOS. Tumezungushwa na madalali, kila nyumba elfu ishirini ya kuonyeshwa. Moja ilikuwa na X nyekundu ya kubomolewa ukutani, imefichwa kwa rangi mpya. Nyingine ni ya mirathi, ndugu walianza kugombana mbele yetu. Kwa hiyo dalali alipotuleta Goba, vyumba vitatu, kimoja masta, milioni 85 wakati majirani wanataja 120, tulijua Mungu kasikia. Muuzaji, mzee mpole wa miaka hamsini na kitu, alisema ana mgonjwa anayetakiwa kupelekwa India.

Msidhani nilikurupuka. Nilichukua nakala ya hati nikaenda ofisi ya ardhi kufanya sechi, yaani kuangalia kwenye rejesta nani mmiliki na kama nyumba ina deni. Majibu yakarudi safi: hakuna rehani, hakuna zuio, jina ni lile lile la kwenye kitambulisho cha NIDA alichonionyesha. Nikauliza habari ya mke, maana kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakimruhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mzee akacheka, "Kijana umesoma wewe." Kesho yake mke akaletwa, akasaini fomu ya ridhaa, akatupa na juisi.

Mke wangu aliomba kwenda chooni. Yule mama akamfungulia mlango wa stoo.

Njiani mke wangu akaniambia, "Baba, yule mama hii nyumba haijui." Nikamwambia aache umbea. Hiyo kauli inaniuma kuliko hela.

Nilitaka tuandikishiane serikali ya mtaa. Mzee akasema, "Wale watataka asilimia kumi yao, twende kwa wakili tumalizane." Nani hajawahi kusikia habari za hiyo asilimia kumi? Nikaona ananihurumia. Kumbe alikuwa anakwepa mwenyekiti, ambaye angemwangalia usoni na kumuuliza wewe nani. Nikalipa kianzio milioni 12 mbele ya "wakili" mwenye mhuri. Nyingine ningemalizia siku ya kukabidhiwa hati orijino.

Siku tatu baadaye nilipita pale na fundi wa kupima madirisha. Geti limefungwa. Mama wa genge la jirani akaniuliza, "Unamtafuta mpangaji? Kahama jana usiku." Mpangaji! Alipanga kwa miezi mitatu tu. Mwenye nyumba halisi anaishi Mwanza, nakala ya hati yake sijui waliipataje, na kitambulisho kilikuwa jina lake na picha ya tapeli. Sechi ilinijibu ukweli mtupu: inakwambia jina la mmiliki, haikwambii kama aliyekaa mbele yako kwenye kochi ndiye mwenye hilo jina. Swali ambalo lingeniokoa ningeliuliza bure kwa yule mama wa genge huku nanunua nyanya, au kwa mjumbe. "Wakili" naye nimemtafuta kwenye e-Wakili ya Mahakama, hayumo. Nilifanya hivyo baada ya kulipa, naam, mnicheke.

Polisi nimeripoti na RB nimefungua, mpelelezi ananiambia nisubiri. Mnaotafuta nyumba upande wa Goba, Madale na Mbezi, angalieni wanakuja na mpangilio huu: bei ya kutupa, mgonjwa wa India, mke anayeletwa kwa oda, na kukimbia serikali ya mtaa. Sura zitabadilika, na majina pia.

Dalali anaapa kwamba na yeye alitapeliwa kama mimi. Nilianza kumwamini. Jana jioni akamtumia mke wangu picha WhatsApp, nadhani hakujua namba ni ya nani: vyumba vitatu, Bunju, mwenyewe ana shida ya haraka.