Polaroid ya kukunja, filamu ya Instax: kazi ya fundi wa Ngamiani

Kama una kamera ya Polaroid Automatic 100 imelala kabatini, usiigeuze pambo la sebuleni. Yangu sasa inapiga picha, tena nzuri. Kazi nilimpa fundi mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, mzee ambaye kutwa yuko na redio na cherehani za watu. Naeleza alichofanya ili mwenye kamera kama hii ajue anachokwenda kulipia.

Kamera hizi ziliingia sokoni 1963 na zilitumia filamu ya pakiti: unavuta, unasubiri, unabandua. Polaroid walitangaza kuacha filamu zao 2008, Fujifilm nao wakatangaza mwisho wa filamu yao ya pakiti, FP-100C, 2016. Tangu hapo ukiwa na kamera nzima ni shida kupata cha kutia ndani. Instax Wide, filamu pana ya Fujifilm inayotoa picha papo hapo, ipo, naagiza Dar na inaletwa na basi, pakiti moja picha 10.

Fundi alichukua mgongo wa kamera ya Instax Wide iliyokufa flashi, wenye rola, gia, mota na chumba cha filamu, akauunga nyuma ya Polaroid. Ukishapiga, unabonyeza kitufe cha pembeni na mota inaitoa picha. Betri ya zamani ya volti 4.5 ni ngumu kuipata, akaweka tatu za rimoti. Hilo ni dogo, fundi yeyote wa redio analiweza.

Kazi yenyewe iko kwenye umbali. Filamu isipokaa pale pale ilipokaa ile ya zamani, hata kwa milimita moja, vitu vya mbali havitulii. Tulikwenda naye Bustani ya Jamhuri, akabandika karatasi ya kunakilia mahali pa filamu, akaziba jicho la umeme, lile linalopima mwanga, kwa kidole na kushikilia kitufe. Jicho likiona giza, shata, yaani kifuniko kinachoruhusu mwanga kufika kwenye filamu, inabaki wazi. Kisiwa cha Toten kikaja kichwa chini kwenye karatasi, kingo zake zimefifia. Akarudi kibandani, akapiga msasa fremu ya alumini, akapima tena. Hakuniachia kamera mpaka miti ya kisiwani ionekane mmoja mmoja. Mimi napiga picha za harusi na nimeshawapa mafundi vifaa vyangu vingi. Uvumilivu wa namna ile sijauona kwingine.

Kisha kuna mwanga, na hapa ndipo wengi wanaharibu filamu. Instax ni ISO 800, yaani kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga. Kamera inajua 75 na 3000 tu. Ukiiweka 3000, picha inatoka giza, kwa sababu jicho linadhani filamu ni kali karibu mara nne kuliko ilivyo. Fundi alikata kipande cha plastiki ya kijivu inayopitisha robo ya mwanga, akakibandika kwenye jicho peke yake, lenzi akaiacha wazi. Jicho linaona mwanga pungufu, linaacha shata wazi muda mrefu zaidi, na hesabu inakaa sawa. “Mwanangu,” akaniambia, “jicho hili tunalidanganya, lakini kwa kipimo.” Chini ya mwarobaini, saa kumi jioni, ngozi ya bibi harusi inatoka na rangi yake ya kweli na hina inaonekana mpaka nukta zake. Lenzi ile ni ya kioo, na inajionyesha.

Kasoro zipo. Mlango wa nyuma ulivujisha mwanga kwenye kona, picha za mwanzo zikawa na mstari mweupe. Nilimrudishia, akaweka kitambaa cheusi cha mahameli kuzunguka ukingo na hakunidai kitu. Fremu ya picha nayo haifanani na ya zamani: juu na chini inakatwa, kwa hiyo usimbane mtu kichwa kwenye kitafutio, kile kidirisha cha kuchungulia, na pembeni kunabaki ukanda mwembamba mweusi kwa sababu Instax Wide ni pana kidogo. Kamera imenenepa na haikunjiki tena kuingia kwenye kasha lake. Usiku usiitegemee, maana flashi yake ilikuwa ya balbu za kuungua mara moja. Ukumbini baada ya isha natumia kamera yangu ya kila siku.

Mwenye SX-70, Polaroid nyingine ya kukunja, asihangaike. Ile ina kioo cha kuakisi ndani, ukitia Instax maandishi yatasomeka kinyumenyume, na filamu yake bado inatengenezwa. Hizi za filamu ya pakiti hazina kioo hicho, Instax inapokea mwanga kwa mgongoni, kushoto kunabaki kushoto.

Nililipa shilingi 180,000, mgongo wa Instax nilikwenda nao mwenyewe. Ukienda kwa fundi wako, mpelekee na pakiti moja ya filamu ya kujaribia, na usikubali kumaliza malipo kabla hajakuonyesha picha ya kitu cha mbali.