Kadude haka ka MikroTik hEX, kwa sisi wenye laini mbili nyumbani

Mimi nyumbani nina faiba, na nina rauta ya 4G ya akiba, na mwaka mzima mtambo wangu wa kuhama laini ulikuwa ni dogo mmoja hapa ndani, faiba ikizingua anachomoa waya huku anachomeka kule. Nikachoka, nikachukua MikroTik hEX, ile RB750Gr3, karauta kadogo unakokapanga kahamishe laini kenyewe, sasa ina miezi kama mitano kwangu.

Kanaenea kiganjani, matundu matano ya gigabiti, waifai hakana kabisa, hilo ujue kabla hujalipa, maana itabidi rauta yako ya zamani ibaki kazi ya kurusha waifai tu. Nilichokapendea zaidi, kanakula umeme wa volti 8 mpaka 30, so nimekaunga kwenye betri ya volti 12, Tanesco wakichukua chao sisi tunaendelea.

Sasa kazi. Ukifungua WinBox, programu ya kompyuta ya kukapangia, dakika ya kwanza unajiona fundi, ya pili unajiona mjinga. Fayawoli, yaani ule ukuta wa kuzuia wavamizi wa mtandaoni, unaikuta imeshapangwa na iko poa, ila yenyewe inajua tundu la 1 tu ndo la nje. Mimi nikachomeka 4G tundu la 2 hivihivi, rauta mbili zikaanza kugombania kugawa IP, zile anwani za vifaa kwenye mtandao, nusu ya simu zinapita huku nusu kule, vurugu tupu. Kumbe tundu hilo unalitoa kwanza kwenye bridge, lile kundi la matundu ya ndani, halafu unaliingiza kwenye listi ya WAN, yaani matundu ya nje, ili fayawoli ililinde. Na kama modemu zako zote mbili zina anwani ya 192.168.1.1, badilisha moja, usijitese.

Halafu pale panapodanganya wengi. Unaweka njia mbili, faiba distansi 1, 4G distansi 2, yenye namba ndogo ndo inatangulia, unawasha check-gateway, kile kipimo cha kuangalia kama njia ni nzima, unalala. Siku faiba imekatwa huko barabarani haihami ng'o! Maana rauta inaipigia pingi, yaani inaiuliza "upo?", modemu iliyoko sebuleni, na modemu ni nzima, inaitika. Yaani mlinzi getini anakuitikia vizuri tu wakati wenye nyumba walishahama. Dawa ni kuiambia ipigie pingi kitu cha mbali kupitia faiba, ikikosa majibu mara mbili, inapima kila sekunde 10, inahamia 4G yenyewe, na faiba ikirudi inarudi.

Mimi nikaiwekea 8.8.8.8, anwani ya Google, nikajipiga picha na kaboksi kabisa. Faiba ikakatika, laptopu inapeta, tivii imekufa. Nimehangaika karibu saa nzima kumbe tivii inatumia hiyohiyo 8.8.8.8 kama DNS, ya kuitafutia anwani za tovuti, na mimi kwa ajili ya kupima nimeshaifunga ipite faiba tu. Nikabadilisha ya kupima ikawa 9.9.9.9, ambayo hakuna kifaa humu ndani kinaitumia, basi.

Tivii nyewe nimeshaifungia isitoke kupitia 4G, ni rulu moja tu, yaani amri moja ya fayawoli, maana jioni moja ya katuni ilimaliza bando la wiki.

Kuna wanaotaka laini zote mbili zifanye kazi kwa pamoja. Inawezekana ila mimi sipo huko, inabidi uzime fasttrack, ile njia ya mkato ya kupitisha data haraka, uandike rulu za kutosha, na ukizigawa vibaya benki inaona unakuja na IP mbili inakutoa nje.

Simu ya WhatsApp laini ikihama inaganda, mara nyingine inabidi upige upya. Hilo nimelikubali.

Nakapa nyota 4. Ya tano nimeikata kwa sababu hakamhurumii mgeni, Jumapili moja niliandika rulu ya kuzuia kila kitu nikajizuia na mimi mwenyewe, ikabidi niriseti nianze upya. Kile kitufe cha Safe Mode pale juu kwenye WinBox kibonyeze kabla hujagusa chochote, ukijifungia nje inafuta ulichofanya.