Vipande Sita Vidogo vya Schoenberg: nota ni za bure, kazi iko kwenye karatasi

Opus 19, yaani hivi Vipande Sita Vidogo vya piano, huna haja ya kuinunua. Mtunzi wake, Arnold Schoenberg, alifariki mwaka 1951, hakimiliki imekwisha, na chapa ya zamani ya wachapishaji Universal Edition iko IMSLP, maktaba ya nota mtandaoni, bila malipo. Vipande vyote sita huchukua dakika 5 au 6 tu, kwa hiyo kurasa ni chache.

Shida huanza kwenye uchapaji. Ukizoea solfa ya kwaya, jua kwamba hapa hakuna *do*, nota ya nyumbani. Flati, alama ya kushusha nota, ikipotea kwenye wimbo wa kanisa, waumini wote wanageuza shingo; ikipotea hapa, sikio halikuonyi, na utakariri kosa kwa miezi. Ukipeleka faili Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, omba ukubwa wa asilimia 100, bila kubanwa kuingia ukurasani, na rangi ya kijivu. Nyeusi-nyeupe tupu hula nukta za stakato (nota fupi) na kufanya shapu, alama ya kupandisha nota, na alama ya kufuta zifanane. Kisha linganisha kila baa na skrini, ukiwa umekuza picha. Usiruke hatua hiyo.

Vitano vya kwanza viliandikwa siku moja, 19 Februari 1911. Cha pili kina baa 9, na G na B zikigongwa pamoja, fupi na kavu, tena na tena. Aliyekulia kwenye amadinda, marimba ya Buganda, atatamani kujaza mapengo, kama omwawuzi (mpigaji wa pili) anavyomjibu omunazi (anayeanza). Asijaze! Ukimya umeandikwa, uhesabiwe kama nota.

Cha tatu ndicho kipimo cha mikono: katika baa 4 za mwanzo mkono wa kulia ni wa nguvu, wa kushoto ni mnong'ono wa oktava. Wengi husawazisha bila kujua. Fanya kila mkono peke yake, kisha uunganishe polepole, ukiongeza wa kulia badala ya kuzidi kupunguza wa kushoto. Cha kwanza, cha nne na cha tano havina mtego wa namna hii, ingawa cha nne hupasuka mwishoni.

Cha sita kilikuja 17 Juni, mwezi mmoja baada ya kifo cha mtunzi Gustav Mahler. Mafungu mawili ya nota tatu yanashikiliwa, yanaachwa, yanarudi. Yashike kwa vidole kwanza. Pedali ikitangulia, kila kitu kinakuwa uji. Kinanda cha vitufe 61 vyepesi hakifai hapa, maana hakitofautishi *pp* (polepole sana kwa sauti) na *pppp* (karibu kimya). Tafuta cha vitufe 88 vizito, au piano halisi iliyotuniwa karibuni. Nota za mwisho ziko chini sana, na Schoenberg ameandika zipigwe kama pumzi. Zisiposikika kabisa, umepunguza kupita kiasi.