Mashine ya mkono ya kubonyezea biskuti: uzoefu wangu na donge la kilo moja ya unga

Mashine ninayoizungumzia ni ile ya bomba: silinda ya alumini, fimbo yenye meno katikati, kisukumio mwishoni mwa fimbo, mkono wa kubonyeza juu, pete ya kufungia chini, na visahani karibu 20 vyenye matundu ya maua, nyota, mioyo, miti na mistari. Ukibonyeza mara moja, fimbo inashuka hatua moja na biskuti moja inatoka. Haitumii umeme. Naipima hapa kwa kazi moja tu, ambayo ndiyo niliyoinunulia: kupata biskuti 200 hivi kwa mkupuo mmoja, kwa gharama ndogo, za kuliwa nyumbani.

Kwa kazi hiyo nairidhia kabisa, kwa sharti kwamba mapishi ya kwenye kijitabu chake uyaweke kando. Mapishi ya biskuti za kubonyeza kwa kawaida yana siagi nyingi mno, takriban gramu 225 kwa gramu 280 za unga. Ukipanda hadi kilo moja ya unga, tayari umefika gramu 800 za siagi. Biskuti zinatoka tamu na laini sana, sikatai, lakini hizo ni za sikukuu. Mashine inakuokolea muda. Pesa unaiokoa kwenye donge lenyewe, na hapo ndipo wengi wanapoilaumu mashine bila kosa.

Kipimo ninachotumia ni hiki: unga wa ngano wa kawaida kilo 1, majarini gramu 500, sukari ya unga gramu 350, mayai 3, vanila vijiko vidogo 2, chumvi nusu kijiko kidogo, na maziwa vijiko vikubwa 4 hadi 6. Donge zima linakuwa na uzito wa kilo 2 na kitu, na kila biskuti ikitoka na gramu 10 unapata kama 200, ukiondoa kinachobaki kwenye kuta za silinda. Mashine yangu inabeba gramu 250 hadi 300, kwa hiyo unaijaza mara saba au nane.

Nusu ya uzito wa unga ndiyo mwisho wa kupunguza majarini. Nilipojaribu gramu 400 na kufidia kwa maziwa, donge lilianza kuvutika kama la chapati. Sababu ni kwamba mafuta huizunguka chembe ya unga na kuizuia isinywe maji. Mafuta yakipungua na maji yakiongezeka, unga unatengeneza ule utando unaonata na kurudi nyuma. Donge la namna hiyo halikatiki kwenye kisahani. Unainua mashine na biskuti inapanda nayo. Hata ukifanikiwa kuitoa, ikishaokwa inakuwa ngumu ya kuvunja kwa meno, si ya kukatika yenyewe.

Aina ya majarini ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Soma pakiti: inayofaa ina mafuta asilimia 80 au zaidi. Zile laini za kupaka mkate mara nyingi zina asilimia 40 hadi 60, na sehemu kubwa inayobaki ni maji. Ukizitumia, maua yako yanaingia kwenye oveni yakiwa maua na yanatoka yakiwa sarafu. Bei yake ndogo inadanganya, maana unalipia maji.

Sukari nayo iwe ya unga. Kama unayo ya chenga tu, isage kwenye blenda ikiwa kavu kabisa kisha uichekeche. Chenga kubwa zina hasara mbili: zinaziba matundu membamba, na zinapoyeyuka ndani ya oveni zinaifanya biskuti isambae.

Kuchanganya si kazi ngumu ila ina mipaka. Majarini iwe imelainika lakini haijayeyuka, kidole kikizama bila kutoka na mafuta. Ipige na sukari dakika tatu hivi hadi iwe nyeupe kidogo, kisha uache. Hii si keki. Hewa ikizidi, biskuti inafura na kupoteza mistari yake. Mayai yaingie moja moja, yasiwe ya baridi kutoka kwenye friji, la sivyo mchanganyiko unakatika na kuonekana kama maziwa yaliyoganda. Ikitokea, tia vijiko viwili vya unga uliokwisha kuupima na uendelee, utajikusanya. Unga uchekeche na chumvi, uingize kwa mafungu mawili, uchanganye kwa mwiko hadi usiuone tena. Usikande. Maziwa ni ya mwisho, kijiko kimoja kimoja, kwa sababu unga wa leo na wa mfuko mwingine haunywi sawa. Donge likiwa sawa, ukilibonyeza kwa dole gumba linabaki na alama safi na dole linatoka kavu.

Baking pauda sitii hata kidogo. Nakubali kwamba biskuti ya kukata kwa kopo inaweza kuihitaji, lakini ya kubonyeza inaharibika umbo. Na donge hili haliendi kwenye friji. Mazoea ya kupoza donge ni mazuri kwa biskuti za kusukuma kwa mpini. Hapa, donge likikaza unalazimisha mkono wa mashine, na nguvu hiyo ndiyo inayopinda fimbo au kuvunja jino. Mashine nyingi zinazosemwa "zimeharibika haraka" zimeuliwa na donge la baridi.

Sasa kujaza. Usichote kwa kijiko na kushindilia, utafungia hewa, na hewa ikifika kwenye kisahani biskuti inatoka nusu. Viringisha donge liwe gogo jembamba kidogo kuliko silinda, liteleze lote mara moja, kisha bonyeza hewani hadi donge lijitokeze sawasawa kwenye matundu yote. Biskuti mbili tatu za mwanzo hazina sura. Zirudishe kwenye bakuli bila kusikitika.

Jambo linalowashangaza wengi ni trei. Isipakwe mafuta na isiwekwe karatasi. Mashine hii inafanya kazi kwa kunata: donge lazima lishike kwenye chuma ili libaki chini unapoinua. Kwenye karatasi linateleza, linapanda na kisahani. Majarini iliyomo ndani inatosha kuzuia biskuti isigandie baada ya kuiva. Trei iwe baridi pia. Ikitoka kwenye oveni na ukabonyeza papo hapo, majarini inayeyuka kwa chini na donge linakataa kushika. Kwa hiyo uwe na trei tatu au nne za kupokezana, au upitishe trei chini ya maji ya bomba na kuikausha kikamilifu. Simamisha mashine wima, iguse trei, bonyeza mara moja, subiri kama sekunde moja, achia, inua moja kwa moja. Ukiinua huku bado unabonyeza, inatoka na mkia.

Trei ya sentimita 30 kwa 40 inachukua biskuti 30 hadi 35, kwani hazisambai na nafasi ya vidole viwili inazitosha. Oveni iwe imeshafika nyuzi 180 kabla ya trei ya kwanza kuingia (160 kama ina feni). Dakika 10 hadi 12. Angalia chini, usiangalie juu: ukingo wa chini ukiwa na rangi ya kahawia hafifu, toa, hata kama juu bado ni nyeupe na biskuti inaonekana laini. Inakaza ikipoa. Ukiweka trei mbili pamoja, zibadilishane nafasi zikifika dakika ya sita au ya saba, na uongeze dakika moja au mbili. Kubonyeza biskuti zote 200 ni kazi ya nusu saa hivi mkono ukizoea. Kwa mpini na kopo la kukatia ningehitaji zaidi ya mara mbili ya muda huo, na kila mabaki yakikusanywa na kusukumwa upya yanazidi kuwa magumu. Hapa hakuna mabaki. Kwangu hiyo ndiyo sifa kubwa ya mashine hii.

Kati ya visahani 20, vinavyofanya kazi kwa donge la bei nafuu ni kama nane. Vyenye matundu makubwa kidogo na katikati palipoungana, kama ua la petali tano na nyota nene, vinatoa vizuri kila mara. Vya mistari myembamba na vile vya umbo la mnyama vinataka donge la mafuta mengi. Vikipata hili, vipande haviungani na biskuti inavunjika kwenye kopo. Ukitaka rangi ya pili, toa gramu 80 za unga uweke kakao kiasi hichohicho na uongeze kijiko kimoja cha maziwa, kwa kuwa kakao inakausha. Hata hivyo kakao inaficha ile rangi ya ukingo, kwa hiyo hapo unafuata saa na harufu.

Kasoro za mashine yenyewe zipo. Alumini haitaki mashine ya kuoshea vyombo, inakuwa nyeusi na kuacha rangi mkononi. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, kausha hapohapo, na matundu uyasafishe kwa kijiti cha meno donge likiwa bado laini. Pete ya kufungia ina nyuzi fupi, yaani ile mistari ya kuzungushia. Ukiifunga ikiwa imepinda, donge linavuja pembeni na umbo linakuwa zito upande mmoja. Kisahani kina upande wa juu na wa chini, na ukikigeuza biskuti zinakataa kukatika. Weka alama mapema. Na kama unachagua, epuka zile zenye meno ya plastiki kwenye fimbo. Kwa biskuti 30 zinatosha, kwa 200 kila wiki meno yanalika na mkono unaanza kuruka bila kusukuma.

Za kuhifadhi zipoe kabisa juu ya waya kabla ya kuingia kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Zikiingia na joto, mvuke unazilegeza zote. Usizichanganye na keki wala mkate, kwa sababu biskuti kavu hunyonya unyevu wa jirani. Kwenye kopo zuri zinakaa wiki mbili hadi tatu. Zikilegea, zirudishe kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika tano, ziache zipoe, zinakatika tena kama za siku ya kwanza.